Kiasi na Muda: Kufundisha Joto la Mkondo wa Umeme kwa Mfano wa Transfoma ya Mkondo

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha, mwanachuo alikuwa akifundisha somo la fyuzi katika darasa la sita, shuleni karibu na ziwa. Alichora fyuzi ubaoni, akaeleza kuwa ni waya mwembamba unaokatika umeme unapozidi, na wanafunzi wakaandika. Ndipo mtoto mmoja akanyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, taa na redio zinatumia waya huo huo siku nzima wala haukatiki. Kwa nini shoti ikitokea unakatika mara moja?" Mwanachuo akajibu: "Kwa sababu ni shoti." Darasa likanyamaza na somo likaendelea.

Baada ya kipindi nilimwuliza yule mtoto kilichomfanya aulize. Akasema kwamba nyumbani kwao fyuzi iliwahi kukatika mara kwa mara, na mtu mmoja akaweka kipande cha waya mnene mahali pake "ili isikatike tena". Mtoto alitaka kujua kama jambo lile lilikuwa jema au baya. Alikuja darasani na swali linalohusu nyumba anamolala, akaondoka na jina la tatizo badala ya sababu yake.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mtarajiwa aweze kulijibu swali hilo. Jibu lake limo katika mambo mawili ambayo aghalabu hutenganishwa darasani, yaani kiasi cha mkondo na muda unaopita. Ili mambo hayo yaonekane wazi, tutatumia kifaa ambacho mafundi hukichagua kwa kuyatazama yote mawili pamoja, nacho ni transfoma ya mkondo. Mwanafunzi wa shule ya msingi hahitaji kukijua kifaa hiki kwa undani. Mwalimu ndiye anayekihitaji, kwa kuwa kinamfundisha kufikiri sawasawa juu ya fyuzi.

Mtumbwi unaovuja

Tuanze na jambo ambalo watoto wa Mwanza, Ukerewe na Sengerema wanalijua. Mtumbwi wa mbao huvuja. Maji yakiingia kidogo kidogo, mtu mmoja mwenye kopo huyachota na kuyamwaga nje, na mtumbwi huweza kusafiri kutwa nzima. Maji yanayoingia na yanayotolewa yakilingana, kimo cha maji ndani hakiongezeki.

Sasa tuseme ubao umepasuka. Maji yanaingia kwa kasi kubwa hata mwenye kopo hana msaada wowote. Katika dakika ya kwanza karibu maji yote yaliyoingia yamebaki ndani. Hapo swali linalobaki ni moja tu: mtumbwi huu utabeba maji kiasi gani kabla ya kuzama? Kwa hiyo, je, tuna muda gani wa kufika ufukoni?

Waya wenye mkondo uko katika hali hiyo hiyo. Mkondo hutia joto ndani ya waya, na hewa inayouzunguka hulichota joto hilo. Mkondo wa taa na redio hutia joto dogo, hewa hulichukua, na waya hubaki na uvuguvugu ule ule siku nzima. Shoti inapotokea, joto huingia kwa kasi ambayo hewa haiwezi kuifuata. Karibu joto lote hubaki ndani ya waya, na waya hupanda joto mpaka unayeyuka. Hilo ndilo jibu alilostahili yule mtoto.

Lakini kuna jambo moja ambalo mtumbwi hauonyeshi. Mwaka 1841 mwanasayansi wa Uingereza, James Prescott Joule, alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya joto la mkondo. Aligundua kwamba joto linalozalishwa katika waya hufuata kipeo cha pili cha mkondo. Mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Ukiwa mara tatu, joto huwa mara tisa. Ukiwa mara kumi, joto huwa mara mia. Na joto hilo huongezeka pia kadiri muda unavyopita. Kwa maneno mafupi:

joto = mkondo × mkondo × ukinzani × muda

Katika kanuni hii mkondo umeandikwa mara mbili na muda mara moja. Mwalimu akiielewa tofauti hiyo, ameelewa sehemu kubwa ya somo.

Transfoma ya mkondo ni nini?

Mashine ya kukoboa mpunga au ya kutengeneza barafu ya samaki hutumia umeme mwingi kuliko nyumba ya kawaida. Mkondo wa ampea mia moja au zaidi haupitishwi moja kwa moja ndani ya mita ndogo. Badala yake, waya mkubwa hupitishwa katikati ya pete ya chuma iliyozungushiwa waya wa shaba. Mkondo wa waya mkubwa huamsha usumaku ndani ya pete, na usumaku huo huzalisha mkondo mdogo katika waya uliozungushwa. Pete yenye mizunguko 20 hugawa mkondo kwa 20: ampea 100 zikipita katika waya mkubwa, ampea 5 huenda kwenye mita. Pete hiyo ndiyo transfoma ya mkondo, na kwenye kibandiko chake huandikwa 100/5.

Kwenye kibandiko hicho hicho huweza kuonekana herufi Ith na namba, kwa mfano 6 kA, pamoja na muda, sekunde 1. Maana yake ni kwamba transfoma hii, ambayo kazi yake ya kila siku ni ampea 100, inaweza kuvumilia ampea 6,000 kwa sekunde moja bila kudhurika. Hizo ni mara 60 ya mkondo wake wa kawaida, na kiwango hicho huonekana mara nyingi katika transfoma za volti ndogo. Tukiite kiwango hicho mkondo wa joto wa muda mfupi. Kanuni za kimataifa zinazokieleza zimo katika toleo la IEC 61869-2 la mwaka 2012.

Kwa nini kifaa cha kupimia kitakiwe kuvumilia mkondo mkubwa hivyo? Kwa sababu kimekaa njiani na hakina pa kukimbilia. Mkondo wote wa shoti hupita katikati yake, nacho hakina uwezo wa kuukata. Kukata ni kazi ya fyuzi au swichi inayojikata yenyewe. Wajibu wa transfoma ya mkondo ni kustahimili mpaka fyuzi imalize kazi yake. Kiwango kile cha kibandiko ni ahadi ya subira, na ahadi hiyo ina mwisho unaohesabika kwa saa.

Hesabu ya 36

Hesabu ifuatayo inaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote anayejua vipeo vya pili. Tuandike mkondo kwa maelfu ya ampea. Transfoma yetu inavumilia 6 kwa sekunde 1:

6 × 6 × 1 = 36

Namba 36 ndiyo shehena ya joto ambayo transfoma hii inaweza kuibeba, kama vile mtumbwi una kiasi cha maji unachoweza kubeba kabla ya kuzama. Sasa tuulize: mkondo ukiwa 3, yaani ampea 3,000, itavumilia kwa muda gani?

3 × 3 × muda = 36
9 × muda = 36
muda = sekunde 4

Mkondo umepungua kuwa nusu, na muda umeongezeka mara nne. Mwanafunzi aliyetarajia sekunde 2 atashangaa, na mshangao huo ni mwanzo mzuri wa kujifunza. Mwache abishane na hesabu yake kwa dakika chache kabla hujamsaidia.

Mipaka ya kanuni hii

Mwalimu mwangalifu hufundisha kanuni pamoja na mahali inapokoma. Hesabu ya 36 ina mipaka miwili.

Mpaka wa kwanza uko upande wa muda mrefu. Tumechukulia kwamba hakuna joto linalotoka, yaani mwenye kopo hajachota kitu. Hilo ni kweli kwa sekunde chache tu. Kwa kawaida mafundi huitumia kanuni hii kwa muda usiozidi sekunde tano hivi. Zaidi ya hapo hewa na vitu vya jirani huanza kulichukua joto, na hesabu huhitaji njia nyingine.

Mpaka wa pili uko upande wa mkondo mkubwa sana. Kwa hesabu tu, ampea 12,000 zingevumilika kwa robo sekunde, kwa kuwa 12 × 12 × ¼ = 36. Lakini mkondo huambatana na usumaku, na usumaku wa mkondo mkubwa husukuma na kuvuta nyaya kwa nguvu kubwa. Nyaya huweza kupinda na vifungo kung'oka kabla joto halijafika popote. Kwa hiyo transfoma huwa na kiwango cha pili, cha nguvu, ambacho kwa kawaida ni mara 2.5 ya kile cha joto. Katika mfano wetu ni 6,000 × 2.5, yaani ampea 15,000, na hiki hupimwa kwenye kilele cha wimbi la mkondo. Mkondo wa ampea 12,000 una kilele cha ampea 17,000 hivi. Basi hesabu ya joto ingeruhusu, lakini nguvu ya usumaku ingekataza. Kifaa huwa salama pale kinapotimiza masharti yote mawili.

Mfano wa mashine kando ya ziwa

Tuchukue mashine ya kutengeneza barafu iliyo karibu na transfoma ya mtaani ya kVA 200, katika umeme wa volti 400. Mkondo kamili wa transfoma hiyo ni ampea 289 hivi. Transfoma nyingi za ukubwa huo zina kizuizi cha ndani cha asilimia 4. Maana yake ni kwamba shoti ikitokea karibu nayo kabisa, mkondo unaweza kupanda hadi mara 25, kwa kuwa 100 ÷ 4 = 25. Tunapata takriban ampea 7,200.

Transfoma yetu ya mkondo itavumilia kwa muda gani?

7.2 × 7.2 = 51.84
36 ÷ 51.84 = takriban sekunde 0.7

Fyuzi nzuri, iliyochaguliwa sawasawa, huikata shoti kubwa namna hiyo katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Kifaa kimesalimika.

Sasa tuseme biashara ya samaki imekua, na transfoma ya mtaani imebadilishwa kuwa ya kVA 500 yenye kizuizi kile kile cha asilimia 4. Mkondo wa shoti unaweza kufika takriban ampea 18,000. Hesabu inasema:

18 × 18 = 324
36 ÷ 324 = sehemu moja ya tisa ya sekunde

Mkondo wa shoti umekuwa mara mbili na nusu, lakini muda wa kuvumilia umebaki chini ya sehemu moja ya sita ya ule wa kwanza. Zaidi ya hayo, kiwango cha nguvu kimepitwa. Hakuna aliyeigusa transfoma ya mkondo. Inapima vizuri kama jana, na mita haina kasoro. Hata hivyo usalama wake umebadilika kwa sababu jirani yake amebadilika. Ndiyo maana fundi hodari, kila anapoongeza uwezo wa umeme mahali, hurudi kukagua vifaa vya zamani.

Huenda mwanafunzi akauliza kama mkondo wa shoti hapa Mwanza umeongezeka kwa sababu ya Bwawa la Julius Nyerere mtoni Rufiji, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Ni swali zuri. Mwalimu ajibu kwamba katika umeme wa volti 400 kinachoamua zaidi ni transfoma iliyo karibu na urefu wa nyaya kutoka hapo, wala si ukubwa wa bwawa lililo mbali. Kadiri nyaya zinavyokuwa ndefu na nyembamba, ndivyo mkondo wa shoti unavyopungua.

Somo darasani

Yafuatayo ni mapendekezo ya kipindi kimoja cha dakika 40 kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Shabaha: Mwishoni mwa kipindi mwanafunzi aweze kueleza kwa maneno yake kwa nini fyuzi haikatiki kwa mkondo wa kawaida lakini hukatika wakati wa shoti, na kwa nini ni hatari kuweka waya mnene mahali pa fyuzi.

Zana: Betri mbili za tochi, balbu ndogo ya tochi, vipande vya waya, stiliwaya ya kusugulia sufuria, na kifuniko cha bati au kigae cha chungu.

Hatua ya kwanza. Simulia habari ya mtumbwi unaovuja. Waulize wanafunzi: ni wakati gani mwenye kopo anashinda, na ni wakati gani anashindwa? Andika majibu yao ubaoni kama walivyoyasema.

Hatua ya pili. Chomoa uzi mmoja mwembamba wa stiliwaya, wenye urefu wa sentimita tatu hivi, na uulaze juu ya kigae. Unganisha betri mbili, uzi huo na balbu katika njia moja. Balbu itawaka na uzi utabaki mzima. Waache wahesabu hadi mia moja. Wataona kwamba muda unapita na uzi haukatiki.

Hatua ya tatu. Unganisha pande mbili za balbu kwa kipande cha waya, ili mkondo upite bila kupitia balbu. Hii ndiyo shoti. Balbu itazimika, na uzi utawaka mwekundu na kukatika. Usiwaeleze kwanza, waulize nini kimebadilika.

Hatua ya nne. Rudia kwa kusokota nyuzi kumi pamoja badala ya mmoja. Safari hii "fyuzi" haikatiki. Uliza: "Joto limekwenda wapi sasa?" Waongoze waone kwamba mkondo mkubwa unaendelea kupita katika nyaya nyingine na betri, navyo ndivyo vinavyopata joto. Waya mnene hauiondoi hatari. Huihamisha kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye nyaya zilizo ndani ya ukuta na juu ya dari.

Hatua ya tano. Kwa wanafunzi wanaojua vipeo vya pili, fanya hesabu ya 36. Waweza kuiita hesabu ya mtumbwi.

Mwalimu alijaribu jaribio hili peke yake siku moja kabla ya kipindi. Nyuzi za stiliwaya hazina unene mmoja, na betri zilizochoka hazitatoa mkondo wa kutosha.

Tahadhari

Tumia betri kavu za tochi tu. Usitumie kamwe umeme wa nyumbani katika jaribio hili. Hali kadhalika usitumie betri ya gari, ya sola, au zile za taa za kuvulia dagaa, ambazo watoto wengi wa mwambao wanaziona nyumbani. Betri hizo zina volti chache, lakini mkondo wake wa shoti ni mkubwa na huweza kuunguza vidole na kuwasha moto. Wanafunzi waambiwe hivyo waziwazi, maana huenda wakataka kurudia jaribio nyumbani.

Mkiwapeleka wanafunzi kutembelea mashine au kiwanda, wasimame mbali na sanduku la mita, na fundi wa mahali pale ndiye aeleze. Transfoma ya mkondo ina hatari yake ya pekee: nyaya zake ndogo zikifunguliwa wakati mkondo unapita katika waya mkubwa, volti kubwa ya kuua huweza kutokea kwenye ncha zake. Udogo wa nyaya usimdanganye mtu.

Hitimisho

Sentensi "umeme mwingi huunguza" ni ya kweli, lakini haitoshi. Haimwambii mtoto ni mwingi kiasi gani, wala kwa muda gani. Transfoma ya mkondo huvumilia mara 60 ya kazi yake kwa sekunde moja, na fyuzi ipo ili sekunde hiyo isifike mwisho. Mtoto akilielewa hili, ataweza kurudi nyumbani na kueleza kwa nini ule waya mnene uondolewe na fundi aitwe. Maneno ya mtoto mwenye sababu husikilizwa, hata na wazee.

Maswali ya mazoezi

1. Transfoma ya mkondo inavumilia ampea 6,000 kwa sekunde 1. Itavumilia ampea 4,000 kwa sekunde ngapi?

2. Nyingine inavumilia ampea 10,000 kwa sekunde 1. Fyuzi yake huchukua sekunde 4 kuukata mkondo wa ampea 6,000. Je, transfoma itasalimika? Onyesha hesabu.

3. Kwa nini hesabu uliyofanya haifai kwa mkondo unaopita kwa saa nzima?

4. Andika jibu ambalo ungempa yule mtoto wa darasa la sita. Usitumie zaidi ya sentensi nne, na usitumie neno "shoti" kama sababu.

5. Tayarisha andalio la somo la fyuzi kwa shule isiyo na umeme. Eleza ni mfano gani kutoka katika maisha ya wanafunzi wa mahali hapo ungeutumia badala ya mtumbwi.